Tuulizwe kabla ya msalaba mwekundu

Bwana Mhariri,

Majuzi vijana wawili wenye kopo la rangi walipita katika avenyu yetu, hapa komine ya Kenya, mtaa mmoja wa mji wa Lubumbashi, Kongo. Walipaka msalaba mwekundu, alama ya kwamba patabomolewa, kwenye ukuta wa lupango (kiwanja) wetu, wakaenda zao. Tulipowauliza, walisema tu: "Mji unatengenezwa upya." Hata chefu wa avenyu hakuwa na habari.

Sipingi mji kutengenezwa. Mvua ikinyesha, maji huingia mpaka chini ya kitanda. Lakini waliochora ramani waliitazama avenyu hii wakati wa kiangazi, nadhani. Wangemuuliza mama anayeuza makala (makaa ya kupikia) pale kwenye kona, angewaonyesha maji yanapotokea na mtaro ulioziba kwa mifuko ya plastiki. Mtaro ukizibuliwa, huenda nusu ya misalaba ile isingehitajika.

Tangu Wabelgiji walipoanzisha mji huu mwaka 1910, Mweusi alipangiwa pa kukaa bila kuulizwa. Leo wanaopanga ni watoto wetu wenyewe!

Katiba yetu, kifungu cha 34, inataka fidia ya haki itolewe kabla ya mtu kunyang'anywa mali. Hata kuhusu fidia, hakuna aliyetuambia neno.

Tunaomba ramani ibandikwe kwenye ofisi ya komine, iandikwe kwa Kiswahili, na mkutano ufanywe Jumapili baada ya misa, watu wakiwa nyumbani.

Mkaaji wa Kenya,
Lubumbashi