Kamera za infraredi porini zisisifiwe bila kutaja kasoro zake

Mhariri,

Kamera zinazotegwa porini na kutumia miale ya infraredi, yaani mwanga ambao kwa kawaida macho ya binadamu hayauoni, zinastahili sifa, kwa kuwa hupiga picha usiku wa manane bila mwanga mkali wa kumshtua mnyama. Hata hivyo, taa zake zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 850 hutoa wekundu hafifu unaoonekana, ilhali za nanomita 940, ambazo karibu hazionekani kabisa, humulika umbali mfupi zaidi. Picha za usiku hukosa rangi, hilo linavumilika. Linalonisumbua ni kihisi cha joto, kinachoiamsha kamera ipige picha kitu chenye joto tofauti na mazingira kinapopita: hewa inapokaribia joto la mwili wa mnyama, anaweza kupita asinaswe, huku nyasi zilizopashwa jua zikiyumba na kujaza kadi ya kumbukumbu picha zisizo na mnyama. Naomba watafiti wasichukulie ukosefu wa picha kuwa ushahidi kwamba mnyama hayupo.

Msomaji wako