Kabla ya kuchapa bango, hesabuni vipande

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wanaoagiza mabango, vibao vya maduka na kadi za harusi, pamoja na vijana wetu wanaovichapa.

Kila ukiingia Mfunguo Sita njia zetu hupambwa kwa mabango ya maulidi. Ni jambo jema. Lakini tazameni maandishi yenyewe. Mara ngapi jina la Mtume limetundikwa juu ya barabara likiwa herufi mojamoja, kila moja imesimama mbali na mwenzake, na pengine neno zima limeanzia kushoto? Anayesoma Kiarabu huliona akaguna. Asiyesoma hupita chini yake akidhani mambo ni sawa, na wakati mwengine huyo ndiye aliyelilipia.

Kosa hili halitokani na uhaba wa imani. Ni la kompyuta. Herufi nyingi za Kiarabu zina sura nne: ya peke yake, ya mwanzo wa neno, ya kati na ya mwisho. Programu inayokijua Kiarabu hubadilisha sura hizo yenyewe na kuyapanga maneno kutoka kulia. Programu iliyowekwa kwa herufi za Kizungu tu, ukiibandikia maneno yaliyotoka kwenye simu, huichukua kila herufi kwa sura yake ya upweke na kuzipanga kutoka kushoto. Kijana aliye mbele ya skrini anaona kitu kinachofanana na Kiarabu, basi anakituma kwenye mashine.

Kulitambua hakuhitaji kusoma. Herufi sita haziungani na inayozifuata: alifu, dali, dhali, ra, zai na wau. Nyengine, ukiiacha hamza, hushika mkono wa jirani yake. Kwa hiyo kila neno lina idadi yake ya vipande, na idadi hiyo haibadiliki. Muhammad ni kipande kimoja, kwani dali imekuja mwishoni. Salim (سالم) ni viwili, kwani alifu inakata baada ya sini. Maryam ni viwili, kwa sababu ra inakata baada ya mim. Zanjibar (زنجبار) ni vitatu: zai peke yake, kisha nun, jim, ba na alifu zimeshikana, kisha ra. Mkiona vipande sita, limevunjika. Mwambieni mwalimu wa chuo cha Kurani awaandikie maneno kwa mkono kwenye karatasi, muhesabu vipande vya kila neno, halafu mlinganishe na kilichoko kwenye skrini. Ni kazi ya dakika tano.

Kwa mchapaji, dawa iko ndani ya programu. Illustrator, InDesign na Photoshop zina mpangilio wa maandishi ya Mashariki ya Kati, ila katika matoleo mengi huwa umezimwa. Kwa Illustrator na Photoshop uwashwe kwenye mapendeleo ya maandishi, na InDesign isakinishwe ile yenye Kiarabu, kisha aya igeuzwe mwelekeo iende kulia kwenda kushoto. Kama toleo ni la zamani na halina kitu hicho, andika kwenye Word, hifadhi kama PDF, uilete hiyo. Baada ya hapo usiguse nafasi kati ya herufi. Kwa maandishi ya Kizungu kutanua nafasi kunawezekana. Kwa Kiarabu unakata viungo. Ukitaka mstari urefuke, refusha kiungo chenyewe: kwenye kibodi ya Kiarabu ya Windows, Shift na J hutoa mkia wa kuvuta, na huwekwa baina ya herufi zinazoungana tu.

Iko na balaa ya harakati, yaani alama za irabu. Fat'ha (a) na kasra (i) ni kistari kile kile. Kinachozitofautisha ni kukaa juu au chini ya herufi. Mistari miwili ya aya ikibanwa, kasra ya mstari wa juu huonekana kama fat'ha ya mstari wa chini, na hapo kosa si la sura tena, ni la matamshi. Umbali kutoka mstari hadi mstari usipungue mara moja na nusu ya ukubwa wa fonti, na aya yenye harakati kamili mara mbili ni bora. Tena Kiarabu kikiwekwa karibu na Kiswahili kwa ukubwa ule ule wa namba, Kiarabu huonekana kidogo. Kikuzeni kwa robo hivi.

Mhariri, haya yanauma zaidi kwa kuwa visiwa hivi si wageni wa maandishi. Ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani una hati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mikia ya herufi zake imechanua kama majani, na si rahisi kuchonga majani kwenye jiwe. Iliwezekana kwa kuwa tumbawe lililotolewa baharini huwa laini likiwa bado na maji. Fundi hulikata wakati huo, nalo likishakauka hukaza. Enzi za Sayyid Barghash (1870–1888) Unguja ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa vitabu vya Kiarabu. Na misheni ya Kiungani ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, tangu 1888, kwa herufi za Kizungu. Hati zote mbili zimekaa mji mmoja kwa muda mrefu.

Hati ya mkono ina vipimo, wala havitoki kichwani mwa mtu. Kalamu ya mwanzi huchongwa ncha kwa mshazari na kupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke. Ukiikanyaga ncha hiyo mara moja unapata nukta, mraba uliosimama kwa kona yake, na nukta hiyo ndiyo rula. Katika aina ya hati iitwayo Naskhi alifu husimama nukta 5, katika ile ya Thuluthi 7. Ukibadilisha unene wa kalamu, herufi nzima inakua au inapungua nayo, ikabaki na sura yake. Anayeandika kombe kwa zafarani na marashi kwenye sahani nyeupe hufuata uwiano huo huo, hata kama maandishi yatakoshwa na kunywewa saa hiyo hiyo.

Sasa angalieni kinachofanyika dukani. Jina halijai kwenye bango, basi linashikwa kwa kona na kuvutwa mpaka lijae. Linapovutwa kwa upana, mistari iliyosimama inanenepa na iliyolala inabaki kama ilivyo. Uwiano umekwenda. Hili linaharibu Kiarabu na Kizungu sawasawa. Kama nafasi ni pana, tafuteni fonti iliyochorwa pana tangu mwanzo, au kuzeni herufi pande zote na mpunguze maneno. Kupunguza maneno ndiyo dawa inayokataliwa kuliko zote, sijui kwa nini. Kila mwenye duka anataka bidhaa zake zote na namba tatu za simu.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake, ambayo fonti zilizotengenezwa kwa lugha nyengine hazikuyafikiria. Lugha yetu imejaa a. Chagueni fonti ambayo a yake ndogo ina kichwa kilichopinda juu ya tumbo, si ile ya duara na kijiti, kwani kwa mbali hiyo huwa o: bao ikasomwa boo, na dawa ikawa dowo. Halafu kuna neno ILANI. Likiandikwa kwa herufi kubwa zote halina tabu. Likiandikwa Ilani kwa Arial, herufi mbili za mwanzo ni vijiti viwili visivyotofautika. Fonti ambayo I kubwa ina vikingo juu na chini inamaliza shida hiyo.

Ng'ambo ni Ng'ambo, si Ngambo. Alama ile ni sehemu ya sauti, na umbo lake ni la mkia unaoangalia chini, kama tisa ndogo. Wako wanaobonyeza kitufe kilicho pembeni ya namba 1, wakapata kistari kilicholala upande wa pili. Na hata gazeti lako, Mhariri, utatusamehe, safu zake nyembamba hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza: tumesoma maen-deleo na masham-ba. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hivyo kateni baada ya irabu: mae-ndeleo, masha-mba. Ng' isitenganishwe na irabu yake hata siku moja. Mkiweza kuzima ukataji wa Kiingereza na kuacha ukingo wa kulia usiwe sawa, yale mapengo meupe yanayoteremka katikati ya habari yataondoka.

Kwa vibao vya herufi kubwa, adui ni rula. Chukueni neno LAWAMA. Mkipima milimita sawa baina ya kila herufi, L na A zitaachana juu, A na W zitaonekana zimefarakana, huku M ikikaa karibu na jirani zake. Fikirieni mnamimina mchele kwenye kila pengo: kila moja lichukue kiasi kile kile. Hapo A na W zitasogezwa mpaka ziingiliane, na L itasogezewa A. Kipindueni kibao juu chini mkitazame. Macho yakiacha kusoma huyaona mapengo. Duara nazo zina hila yake. O iliyochorwa urefu sawa na H huonekana ndogo, kwa hiyo mafundi huipitisha mstari juu na chini kwa asilimia 1 hadi 3. Kwa herufi ya sentimita 30 ni milimita 3 mpaka 9 kila upande. Baina ya neno na neno acheni pengo la kuingia O moja.

Pengo hilo ndilo linaloponza kanga. Jina la kanga ni la herufi kubwa, na zikichapwa na watu wasiosoma Kiswahili, maneno hubanana: JAPOSIPATI TAMAASIKATI. Mchapa jina apewe karatasi iliyoandikwa kama itakavyochapwa, pengo kwa pengo. Na kwa kuwa rangi husambaa kidogo kwenye uzi wa pamba, mistari hunenepa na matumbo ya A, B na R huziba. Herufi iwe nzito, lakini tumbo lake liwe wazi kuliko mnavyolipenda kwenye skrini.

Ukubwa tutausema haraka. Kipimo cha kutegemea ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, basi bango la kusomwa kutoka mita 30 linataka sentimita 25. Gari iendayo kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa daladala aliye mita 30 ana sekunde mbili, na sekunde mbili ni maneno sita au saba.

Jua letu huifuta nyekundu na manjano mapema, buluu ikabaki. Ndiyo maana mabango ya zamani yote yana rangi ya samawati. Msiandike namba ya simu kwa nyekundu kwenye bango la kukaa nje mwaka mzima. Na kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe: ukuta wa mawe na chokaa unapumua, ukiupaka rangi ya mafuta unazuia unyevu, na maandishi yatabanduka pamoja na lipu. Andikeni kwenye ubao, kisha muutundike.

Kabla ya yote hayo, chapeni kwenye karatasi ya A4. Bango la upana wa mita 3 likiwekwa kwenye A4 iliyolazwa limepunguzwa kama mara kumi, kwa hiyo ukilibandika ukutani na kusimama mita 3 unaliona kama atakavyoliona aliye mita 30. Mwiteni mtu ambaye hakuliandika alisome kwa sauti. Faili inayokwenda kuchapwa igeuzwe maandishi yake kuwa michoro ya mistari, isije ikafika dukani ikavaa fonti nyengine, na nakala ya asili ibaki, kwani iliyogeuzwa haisahihishiki. Ile karatasi ya A4 itiwe saini na aliyeagiza, iandikwe tarehe, na mchapaji aiweke kwenye jalada lake.

Wenu,
Mafundi wa maandishi,
Darajani, Unguja.