Wenye migahawa waige Wajapani: chakula na bei vionekane mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu chakula cha Wajapani, kwa kuwa kila nikisimulia safari yangu ya huko huulizwa swali moja tu: kama ni kweli wanakula samaki wabichi. Wanakula, na huwakata kwa ustadi mkubwa, lakini si hilo lililonishangaza zaidi, wala si hilo linaloweza kuwafaa watu wetu wanaopokea wageni. Jambo lenyewe ni kwamba nchini Japani mtu asiyejua hata neno moja la lugha yao anaweza kujua atakula nini na atalipa kiasi gani kabla hajavuka kizingiti.

Migahawa mingi huweka dirishani mifano ya vyakula iliyotengenezwa kwa plastiki, kila sahani na bei yake, na mifano hiyo hufanana mno na chakula chenyewe, hata mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi huyaona yanang'aa. Zamani ilikuwa ya nta. Anayetajwa sana katika historia ya kazi hiyo ni Takizo Iwasaki, mzaliwa wa Gujo Hachiman, aliyeanzisha biashara yake mjini Osaka mwaka 1932, na mpaka leo mji huo aliozaliwa unasifika kwa mafundi wake. Huko Tokyo, katika mtaa wa Kappabashi unaouza vyombo vya jikoni, bakuli la tambi za plastiki laweza kuuzwa ghali kuliko bakuli la kuliwa.

Katika vibanda vingi vya rameni, yaani tambi za mchuzi, mashine husimama mlangoni: unatia fedha, unabonyeza kitufe, kinatoka kikaratasi, unampa mpishi aliye nyuma ya kaunta, kisha unaketi ukisubiri na glasi ya maji baridi usiyoyalipia. Bakshishi haitarajiwi. Walioketi kando yako hufyonza tambi kwa sauti bila haya, jambo gumu kidogo kwa sisi tuliokanywa utotoni tusinywe chai kwa kelele, na wakimaliza huondoka bila kubishana na mtu juu ya hesabu.

Nisiwasifu kupita kiasi, kwani kwa Mwislamu mifano na picha hizo hazisemi yote. Bakuli linaloonyesha tambi, yai na kipande cha mwani laweza kuwa na mchuzi wa mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi, na kuku wa kuchoma mara nyingi hupakwa rojo lililotiwa mirin, ambayo ni kileo kitamu kitokanacho na mchele. Sheria yao inalazimisha pakiti za vyakula kutaja mayai, maziwa, ngano, karanga na vitu vingine vichache vinavyowadhuru wenye mzio, lakini nyama ya nguruwe haimo katika orodha hiyo ya lazima. Mimi nilitegemea samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali mtupu, na duka la vyakula vya halali lililo katika msikiti wa Tokyo Camii. Tena, katika migahawa ya jioni inayouza vinywaji, mteja huletewa kibakuli asichokiagiza, kiitwacho otoshi, nacho huingizwa katika hesabu. Wenyeji wanaijua desturi hiyo, mgeni huijua wakati wa kulipa.

Pamoja na dosari hizo, bado wametuzidi mbali. Pale Forodhani, Unguja, mishikaki ya pweza na kamba hupangwa mezani mgeni akaiona kwa macho yake, kwa hiyo nusu ya kazi tumekwisha kuifanya bila kuhitaji plastiki. Iliyobaki ni bei, ambayo katika sehemu nyingi za mwambao wetu hukaa kinywani mwa muuzaji na kupanda kwa kadiri ya sura ya mnunuzi. Naziomba halmashauri zinazotoa leseni za migahawa ziweke sharti kwamba bei iandikwe mlangoni, kwa shilingi, pamoja na kutajwa kilichomo katika chakula. Najua wapo watakaopinga kwa hoja kwamba mgeni ana fedha na si haki alipe sawa na mwenyeji. Wenye hoja hiyo na waandike bei zote mbili ubaoni, mgeni azisome kabla ya kuketi.

Msomaji wako,
Tanga