Munguci, Munguchi au Munguki?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa jambo la herufi moja. Mimi ni fundi cherehani hapa soko la Owino, Kampala, na shule zinapofunguliwa kazi yangu kubwa ni kudarizi majina kwenye sweta za wanafunzi. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume. Mama yangu aliye Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alimpa jina kwa simu hata kitovu hakijaanguka: Munguci, yaani "Mungu yupo" kwa Kilugbara. Neno Mungu tuliliazima Kiswahili. Hilo "ci", yaani yupo, ni letu, na hutamkwa chi.

Kwetu Arua ni Munguci, hakuna mzozo. Hapa mjini ndipo jina limekuwa kitendawili. Mke wangu, mzaliwa wa Tororo, anataka Munguchi, ili msomaji wa Kiswahili asijikwae. Mwenye nyumba wetu, mzee wa Kiganda, akacheka: "Ssebo, si uandike Munguki!" Kwa lugha yake hakosei. Waganda huandika ki wakasoma chi. Pitia soko la Kisekka hapo jirani usikie wanavyoliita. Ila mtu wa Gulu, huko kaskazini, akiisoma hiyo ki, atasoma ki.

Mke wangu ana hoja, nisimdhulumu. Mimi naitwa Candia. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika Chandia, cheti cha darasa la saba kikatoka hivyo hivyo, na kitambulisho cha taifa kinasema Candia. Benki moja ilinirudisha mara mbili, mpaka nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao wawili ni mimi. Wakala wa pesa za simu huniita Kandia. Nimezoea, naitika.

Nikifikiria vizuri, aliyenitia mashakani ni yule mwalimu aliyedhani anasahihisha. Mwezi wa pili mama mmoja wa Lira, kaskazini pia, ambako c husomwa ch kama kwetu, aliniletea sweta za mapacha wake, Apio na Acen. Shule iliwaandika Apiyo na Achen. Nilidarizi nilivyoagizwa. Huwa natoza kwa herufi, shilingi mia mbili kila moja, lakini zile mbili za nyongeza nilimsamehe.

Basi nimeshika Munguci. Mama yangu husoma Kilugbara tu, nami nataka jina alilolitoa yeye aweze kulisoma. Mke wangu amekubali kwa sharti kwamba likiharibiwa popote, mwenye kwenda kupanga foleni ni mimi. Nanyi wahariri, mkiandika majina yetu ya Arua, Lira na Gulu, hiyo c msiibadilishe kwa kutuonea huruma.

Fomu ya kuzaliwa naipeleka Jumatatu. Sweta ya mtoto iko tayari, ndogo, yaenea kiganjani. Herufi saba zimejaa kifua chote.

Baba Munguci,
Owino, Kampala