Barua kwa mwanangu aliye Chengdu, China

Mama yangu, wewe mwenye jina la mama aliyenizaa,

Juzi kwenye simu uliniambia kwamba kila Jumamosi wenzako wa bweni wanapanga meza ya mahjong, ule mchezo wa vigae wa Wachina, wanakuita, nawe unajifungia chumbani kwa sababu hujui. Neno hilo limeninyima usingizi. Huku sasa ni saa mbili usiku, kwako ni saa nane, umelala. Utasoma asubuhi.

Mwanangu, mimi najua kucheza. Nimejifunza hapa hapa kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, Lubumbashi, Kongo, kwa yule bibi Mchina wa duka la sufuria, pembeni ya meza yangu ya vitenge. Kifaransa hana, na Kiswahili chake ni maneno machache, mengi ni ya bei. Siku moja ya mvua soko lilikuwa limelala, mwanawe amesafiri, meza imepungukiwa mtu wa nne. Alinishika mkono akanikalisha, kati ya mkwe wake na kijana mlinzi.

Vigae vya huko kwenu viko vya aina tatu: miduara, mianzi na wan, yaani elfu kumi. Kila aina inahesabiwa moja mpaka tisa, na kila kigae kina wenzake watatu wanaofanana nacho. Ila mwanzi wa kwanza umechorwa ndege. Nilipouokota niliuweka kando nikidhani ni kitu cha peke yake. Bibi akanirudishia, akainua kidole kimoja. Moja. Sijausahau tena.

Mkononi unakaa na 13. Unaokota kimoja, unatupa kimoja, mpaka kile cha 14 kikukamilishie makundi manne ya vitatu vitatu na mapacha, yaani viwili vinavyofanana. Kundi ni vitatu vinavyofanana, au vitatu vinavyofuatana vya aina moja. Mapacha usiyasahau! Mimi niliwahi kulaza vigae vyangu kwa furaha, kumbe sina mapacha.

Bibi ni mtu wa Guangdong, na kwao wanacheza pia na vigae vya upepo, majoka na maua, jumla vigae 144. Lakini nilipomwonyesha picha yako na kumwambia uko Chengdu, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuchambua vigae kama anayetoa mawe kwenye maharagwe. Upepo wa mashariki, nje. Joka jekundu, nje. Maua yote, nje. 36 vikaingia ndani ya sufuria ya kuuza, 108 vikabaki. Akagonga meza: "Chengdu." Tangu siku hiyo tunacheza ya kwenu, kwa ajili yako.

Kwa hiyo shika haya. Huko, kigae alichotupa mwenzako huwezi kukichukua ili kukamilisha vinavyofuatana. Unakichukua ukiwa na viwili kama hicho, unasema "peng". Na aina moja kati ya zile tatu lazima uitupe yote, kwa hiyo mwanzoni angalia ipi unayo chache. Mmoja akishinda, waliobaki wanaendelea, mpaka watatu washinde au vigae viishe. Ukichelewa, usikate tamaa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusema peng kwa kila kitu. Kila ukisema, vitatu vinalala wazi, wenzako wanakusoma, na mkononi unabaki huna pa kugeukia. Nilimaliza bakuli zima la kalanga kwa kosa hilo, maana sisi tunalipana kalanga. Wenzako wakiweka pesa, waambie bado unajifunza, muweke mbegu za alizeti. Pesa ya masomo isikanyage meza hiyo.

Jumamosi wakikuita, toka. Wanapochanganya vigae kuna mlio, kama mvua inayoanza kwenye mabati yetu. Kabla hujakaa nipigie, uiache simu wazi. Nimemwahidi bibi atausikia.

Mama yako