Barua kwa Selemani: taa za reli
Mikindani, Mtwara

Swahiba Selemani,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila joto linatutesa.

Umeniuliza dereva wa treni anajuaje kama mbele yake kuna treni nyingine. Huku kwetu tungejulia wapi, na reli ya Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960! Basi nikupe mfano wa Uingereza, ndio tuliousoma darasa la umeme.

Wewe ukiona mbuzi barabarani pale Mnazi Mmoja, unakanyaga breki, basi linasimama. Treni ni chuma juu ya chuma. Ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, kwa hiyo dereva akingoja aione nyekundu ndipo afunge breki, kachelewa. Ndiyo maana kila taa iliyo kando ya reli humpa habari za taa ya mbele yake. Njano mbili: inayofuata ni njano moja, anza kupunguza. Njano moja: inayofuata ni nyekundu. Kijani, nenda. (Ninyi wa mabasi njano mnaijua kwa maana moja tu, kanyaga mafuta!)

Mwongozaji kituoni ndiye anayefungua njia, lakini nyekundu huletwa na treni yenyewe. Reli imegawanywa vipande, na kila kipande kinapitisha umeme mdogo unaoshikilia swichi ya sumaku upande wa pili. Magurudumu yakiingia, ekseli inaziunganisha reli mbili, umeme unapita hapo hapo, sumaku haiupati tena. Inaachia, na taa ya reli ambayo treni imeshaipita inawaka nyekundu. Sasa sikia utamu wake: waya ukikatika au betri ikifa, sumaku inaachia vilevile, taa inakuwa nyekundu. Hata reli ikivunjika, mara nyingi ni hivyo hivyo. Mmarekani William Robinson aliibuni mbinu hii mwaka 1872, na mimi namvulia kofia.

Zamani hawakuwa na akili hiyo. Taa nyeupe ndiyo ilikuwa ruhusa ya kupita, basi kioo chekundu kikivunjika, dereva anaona nyeupe, anapita kwenye hatari. Baadaye ruhusa ikahamia kwenye kijani.

Na lile swali lako la taa iliyozimika kabisa: dereva huihesabu kuwa nyekundu. Anasimama, anawasiliana na mwongozaji, na haondoki mpaka aruhusiwe.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Bakari