Kuuza picha mtandaoni hakuna kiingilio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Moshi na Arusha, pamoja na wazazi wanaowatolea pesa.

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Majengo aliingia studio kwangu na risiti ya shilingi 120,000. Ametozwa "ada ya kuunganishwa" na watu wanaofundisha kuuza picha kwenye intaneti. Mama yake aliuza gunia la mahindi na kuku wawili ili azipate. Iliniuma sana, kwa sababu kazi hiyo naifanya mwaka wa tatu sasa na sijawahi kulipa hata shilingi moja kufungua akaunti. Kuna tovuti zinazouza picha kwa niaba yako: kujiunga na Shutterstock ni bure, Adobe Stock ni bure, Alamy ya Uingereza nayo ni bure. Unajaza taarifa zako, unathibitisha kitambulisho, unaanza kupandisha picha. Kwa Shutterstock na Adobe hata simu inatosha, mradi picha ifike megapikseli 4 na isiwe na chenga.

Pesa ndiyo inayochelewa, na hilo kijana hakuambiwa. Shutterstock humwanzia mpiga picha kwenye asilimia 15 ya pesa ya mauzo, na kila Januari Mosi anarudishwa daraja hilo la chini. Picha yangu ya kwanza iliniingizia senti 10 za dola. Adobe hutoa asilimia 33 kwa picha, ila huwezi kuchukua pesa zako mpaka zifike dola 25; mimi zilinichukua miezi kumi na moja. Halafu kuna kodi: Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato yanayotokana na wanunuzi wa kule hukatwa asilimia 30.

Kibo wakati wa machweo imeshapigwa na kila mtalii aliyepita Moshi. Picha zangu zinazouzika ni za fundi cherehani barazani, bodaboda anafunga kofia yake, mama anakaanga maandazi. Hiyo ya maandazi ilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu nyuma ya karai palikuwa na ndoo ya mafuta yenye nembo ya kampuni. Nilirudi kesho yake alfajiri, mama akanigeuzia ndoo, picha ikapita. Kisha nikakaa jioni nzima natafuta maneno ya kuiambatanisha, kwa Kiingereza, maana mnunuzi hawezi kuiona picha asipoitafuta kwa neno uliloliweka. Shutterstock wanaruhusu mpaka maneno 50. Hapo ndipo vijana wengi huchoka.

Jambo kubwa kuliko yote ni ridhaa. Sura ya mtu ikitambulika na picha ikaenda kwenye matangazo, lazima awe amesaini fomu; kwa mtoto, mzazi ndiye anayesaini. Fomu niliyonayo ni ya Kiingereza. Nilimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mama mmoja wa soko la Kiboriloni anayeuza maharage. Aliposikia kwamba uso wake unaweza kutumiwa kutangaza dawa katika nchi asiyoijua, akaweka ungo chini akaniambia, "Mwanangu, uso wangu wajukuu wanaujua. Piga mikono." Nikapiga mikono ikipepeta, vumbi la makapi likipanda kwenye jua la saa mbili asubuhi. Nilimpa elfu tano na picha iliyosafishwa. Mikono ile imeshauzwa mara kumi na tisa.

Nilipomuuliza yule kijana kama walifundishwa habari za fomu, akasema hapana. Ameshapandisha picha za majirani zake kumi na wawili, hakuna hata mmoja anayejua. Tumekubaliana aziondoe zote mtandaoni, kisha apite nyumba kwa nyumba kuwaeleza.

Kijana mwingine aliyetozwa ada aje studio siku yoyote baada ya saa kumi jioni, aje na simu yake na chaja. Hatalipa kitu.

Mpiga picha,
Majengo, Moshi